Nilivyosimika relay nyuma ya zizi Kirua Vunjo, zahanati ikasikika Moshi

Wakuu, heshima kwenu. Hii siyo chai, nimeiishi mwenyewe, na kila nikiisimulia nasisimka upya.

Miaka ya tisini, simu za mkononi huku kwetu bado ni hadithi. Nilikuwa fundi redio Moshi mjini.

Dada yangu Anjela alikuwa Kirua Vunjo, mimba ya miezi minane, na mtoto wa kwanza alimpata kwa kupasuliwa. Uchungu ukianza, lazima gari la hospitali limfuate. Na gari linaitwa kwa redio call ya zahanati tu.

Shida sasa. Kampuni moja ya kupandisha wageni mlimani, kituo chao Himo, ilikuwa channel moja na zahanati. Nesi Agripina akiita Moshi, hospitali wanasikia watu wa Himo wanaulizana mahema yako wapi.

Mimi na kiherehere changu nikaongeza power redio ya zahanati. Siku mbili tukasikika. Himo wakaona wanafunikwa, nao wakaongeza. Ikawa kelele tupu.

Anjela akaniuliza, "Kaka, siku ikifika mtaniitia gari kwa filimbi?"

Ndipo nikawaza relay. Ni redio ya katikati: inapokea zahanati kwa power ndogo, inarusha Moshi kwa channel nyingine, antena imeelekezwa mjini tu. Hakuna kugombana na Himo. Hospitali wakatoa vifaa.

Nikachagua kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, cha Bibi Filomena, mjane, juu kabisa mgongoni mwa kilima. Bibi akaruhusu. Nikafyeka masale matatu, ile mimea ya majani marefu membamba, yaliyogusa waya, nikasimika mlingoti. Kujaribu, nasikia zahanati, ila na Himo nao wamo. Nikajipa moyo kwamba tutazoea.

Wakuu, masale yale yalipandwa kuwa alama ya kaburi la mumewe. Mimi Mchagga mzima, nimekua nayajua hayo, antena ikanisahaulisha.

Bibi alitoka jikoni, akaangalia, akasema taratibu, "Ondoa chuma chako kwa mzee wangu." Nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake nikarudi na baba mdogo, mkononi nimeshika jani la sale. Kwetu ukimwendea mtu na sale umekiri kosa, naye hatakiwi kukunyima msamaha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimepokea. Chuma kaweke kule chini, nyuma ya zizi."

Nyuma ya zizi, jamani. Fundi yeyote atakwambia antena ni juu. Lakini ningebisha kwa mdomo gani? Nikasimika, nikawasha.

Kimya.

Nikajua nimeharibu. Mara Agripina akaita, Moshi wakajibu, sauti safi kama wamekaa meza moja. Kumbe mgongo wa kilima ulikuwa umewazuia Himo wote, huku upande wa zahanati na wa mjini uko wazi. Nilirukaruka kwenye samadi mpaka ng'ombe wakashtuka.

Nikashusha power ya zahanati. Himo walipoona hawafunikwi tena, wakashusha ya kwao bila hata kuombwa.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, Himo wakiwa wameshika channel yao kama kawaida, Agripina aliita mara moja tu. Gari likapanda. Anjela akapasuliwa kabla ya saa saba, mtoto wa kike.

Daktari aliniambia lile kovu la zamani lilikuwa limeanza kuachia. Kwa saa moja zaidi, alisema, angekuwa ananipa pole. Nilikaa kwenye benchi la korido nikalia, mtu mzima na bisibisi mfukoni.

Nilichojifunza: kelele huziwezi kwa kuongeza kelele. Tafuta wa katikati anayekusikia wewe, na umweke mahali ambapo wengine hawamfikii. Juu kabisa siyo mahali pazuri kila siku.

Mafundi wa enzi za redio call mpo humu? Nani mwingine alilazimishwa kuweka antena mahali asipopataka, ikamwokolea mtu wake?