Dada, Miguu Haipo

Kru, kru, kru. Sauti hiyo ya buti zikikanyaga theluji naisikia mpaka leo. Ukitaka kuijua, mwaga sukari kidogo jikoni halafu tembea juu yake na viatu. Ilikuwa inatoka kwenye simu yangu, na mimi nimesimama Al Thumama, hapa Doha, kwenye jiko la watu ninaowafanyia kazi, mkononi nina nusu kitunguu.

Madamu alinipigia kwa video kutoka mlimani. Yeye, mumewe na watoto walikuwa Ulaya kwa likizo ya baridi, kwenye ile milima ya theluji ambayo mimi huitazama kwenye simu mpaka bando linakata. Mimi nilibaki kumwangalia bibi, mama yake bwana, maana miguu yake haimpeleki mbali. Sikununa. Nilijiambia siku yangu ipo, na mimi nitavaa kofia yenye kishada nianguke kwenye theluji nicheke.

"Ona," Madamu akasema, akazungusha simu.

Jamani, palikuwa pazuri. Mlima mweupe mpaka macho yanauma, misonobari imeelemewa na theluji matawini, njia nyembamba inateremka na kupotelea kwenye miti, na chini kabisa vijumba vya kijiji vinatoa moshi. Wangeweza kushuka kwa vile vibehewa vya kwenye waya, lakini bwana alitaka washuke kwa miguu, wafaidi mandhari.

Simu ikainama, nikamwona mtoto wangu. Nasema wangu kwa sababu nimemlea tangu hajaota jino, na sasa alikuwa ametimiza miaka mitano. Amekaa katikati ya njia, mashavu mekundu, hataki kusimama.

"Ongea naye," Madamu akasema. "Baba yake ametangulia na wale wakubwa. Huyu amekaa tu, na anaongea Kiswahili. Simwelewi."

Ndivyo alivyo. Kiarabu ni cha kuchezea, Kiingereza cha shuleni, lakini akiumia au akiogopa kinamtoka Kiswahili changu cha Lushoto. Nyumbani walikuwa wanacheka, bwana anamwita Mtanzania. Hakuna aliyeliona hilo kuwa ni jambo, maana siku zote nilikuwa karibu.

"Mwanangu, dada niko hapa. Una nini?"

"Dada, miguu haipo."

"Imekwenda wapi?"

"Sijui. Kule juu nilikuwa nayo."

Nilicheka, kisha nikaweka kitunguu chini. Kwetu Lushoto baridi ipo, lakini ni baridi ya sweta. Hata hivyo nilijua ganzi ni kitu gani, na nilijua mtoto huyu hanidanganyi.

Nikakusanya Kiarabu changu chote cha jikoni. "Madamu, haisikii miguu yake. Mvue buti, umsugue kwa mikono."

"Buti ni mpya, za theluji. Muuzaji alisema hazipitishi baridi. Anadeka huyu, anakutaka wewe. Mwambie atembee."

Mtoto alikuwa ananitazama. Ananingoja nifanye kitu, kama ninavyofanya siku zote.

"Dada, njoo unibebe."

"Niko Doha, mpenzi. Ni mbali."

"Si ndege zinapita hapo juu ya nyumba. Panda moja."

Nikamwambia mama yake, tafadhali, mbebe wewe.

"Nitambebaje? Mimi mwenyewe naanguka." Hapo ndipo nikaona glovu yake imeng'ang'ania tawi la msonobari, nikajua na yeye anaogopa. "Tukikaa hapa itakuwa vibaya zaidi. Mwambie."

Basi nikamwambia. Ningefanya nini? Nikamwambia simama, mshike mama mkono, piga miguu chini kwa nguvu kama unaua mende. Akasimama. Kru. Kru. Akageuka kunitafuta kwenye simu, na simu ikazima.

Nilipiga, haipatikani. Nikapiga tena, vilevile. Dereva wetu, kaka mmoja wa Unguja, aliingia kutafuta chai akanikuta nalia.

"Dada'ngu, baridi hula chaji. Kilichozima ni simu, si mtu."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana mama, ana baba. Wewe una bibi, na una mchuzi unaungua."

"Ungua wewe."

Akazima jiko mwenyewe, akajimiminia chai, akaondoka taratibu.

Nikamtumia bwana ujumbe wa sauti: rudi juu, mbebe mtoto, miguu yake haina hisia. Tiki moja. Nikampa bibi dawa, nikamlaza. Ndege zilishuka uwanjani moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa inatoka mahali ambapo mtu anaweza kufika.

Huku Doha jua lilikuwa limeshazama ndipo ujumbe wa Madamu ulipoingia. Ilikuwa picha ya mlima, umepigwa kutoka chini, kilele kimekuwa cha waridi. Chini yake maneno mawili: "Tumefika. Amelala."

Nikaandika: "Na miguu?"

Tiki mbili. Hakufungua.

Nikafungua friza. Nikasogeza mifuko ya kuku, nikabandika kiganja kwenye barafu iliyoganda ukutani, nikakiacha hapo. Vidole viliniuma sana, halafu vikaacha kuuma. Vilipoacha nikautoa mkono, nikauweka kwapani, nikasimama pale jikoni kusubiri nione vitachukua muda gani kurudi.