Mtapo wa Baba na Ndugu Zake wa Mpanga

Mama ndiye aliyenituma. Barabara inayopita mbele ya nyumba yetu Ntinda inapanuliwa, ukuta umeshapigwa alama nyekundu, na nyuma ya ukuta huo ndipo ulipo mtapo wa marehemu baba. Wageni hudhani ni mnazi uliodumaa. Baba aliuleta ukiwa mchanga kutoka korongo la mto Mpanga, enzi zake za kuendesha lori. Sasa mashina yake yamelala mazito, mizizi imeingia chini ya msingi, na fundi kasema ukiung'oa umeuua.

"Nenda kwao ukaniletee mbegu," mama akaniambia. "Huu wetu tasa. Sitaki baba yako atoweke uani kwangu hivi hivi."

Tasa, kwa sababu yale matunda yake membamba, tunayoyaita mananasi, hayajawahi kutuachia kitu ila vumbi la njano.

Alhamisi asubuhi nikapanda basi la Kamwenge. Njia nzima nilikula ndizi gonja za kuchoma na kujiuliza natafuta nini hasa. Mbegu yenyewe sijawahi kuiona, nitaijuaje? Nilifika jioni nimechoka, nikalala.

Ijumaa, baada ya mwendo mrefu wa bodaboda, nilimkuta Bi Kemigisa, mama anayeongoza wageni korongoni.

"Karibu ssebo, karibu bwana. Shika miti, hapa inateleza."

Tukashuka, maporomoko yakinguruma hadi masikio yakaziba. Kisha nikainua macho. Lahaula! Mitapo mlima mzima, mirefu, iliyoinama, iliyolaliana, majani yana miiba kama ya ule wetu. Nimezoea mmoja maishani mwangu. Hapa sikujua nitazame wapi.

"Hii mnene ya mbegu ni mwanamke," alisema Bi Kemigisa, akionyesha nanasi kubwa. "Hii nyembamba ni mwanaume."

"Wetu una membamba tu."

"Basi yenu ni mwanaume! Ssebo, munangojea mwanaume azae mbegu?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. Miaka yote tunamwita tasa, kumbe dume! Nikamwomba mbegu moja tu, ya mama.

"Hapana. Hapa haitoki kitu, hata jani. Miti hii haiko pengine."

Nikakaa juu ya jiwe, hasira zimenijaa. Nimwambie nini mama? Hapo ndipo nikaona vinundu vya mviringo vimebanana chini ya mtapo dume, vingine vina majani machanga.

"Na hivi?"

"Watoto. Inatoka kwa shina."

"Dume anazaa?"

"Mwanaume, mwanamke, yote inatoa hivyo."

Vinundu vile navijua! Ndivyo mama anavyovikata kila vikichomoza, siku za Ijumaa, ili wageni wa baada ya sala waukute ua umetakata. Nikapanda korongo mbio kutafuta mtandao.

"Mama, usikate vile vinundu!"

"Mbona unahema? Nimeshavikata zamani. Ua unang'aa."

"Vitafute mama, wallahi ndio watoto wenyewe!"

Nikasikia ndara zake zikikimbilia uani, kisha simu ikakatika.

Jumamosi jioni nilifika nyumbani nikamkuta ameketi chini uani, kanga imejaa majivu. Taka zilikuwa zimeshachomwa. Viwili alivipata pembezoni mwa moto, kimoja kimebabuka upande.

"Alikuwa anazaa mbele ya macho yangu," alisema, machozi yakimtoka. "Na mimi namfagia."

Tukavipanda kwenye makopo ya rangi. Jumatatu ukuta ukaanguka, na mtapo wa baba ukaenda nao.

Niliondoka kutafuta mbegu ya mbali, nikarudi na habari za ua wetu wenyewe, na bado sijui nifurahi au nilie. Miezi imepita, hakuna jani. Bi Kemigisa ananiambia kwa simu kwamba vitoto hivyo hukaa kimya muda mrefu, huwezi kujua.

"Viko hai?" mama aliniuliza jana.

"Sijui, mama."

"Basi nisogezee hilo kopo kivulini. Jua limelifikia."