Kibofu Changu na Posa ya Binti Yangu

Mtu aliyefundisha sekondari Arusha mpaka akastaafu hana pa kuumwa. Hilo sikulijua mpaka tezi dume yangu ilipoanza kukua.

Sitaficha: mkojo ulinikosea adabu. Nikienda, hauji, nikirudi nikakaa, unaniita. Baa zote za barabara ya Nairobi, kutoka Ngaramtoni mpaka mjini, zilinizoea kwa sababu ya vyoo vyao, mimi ambaye pombe siigusi na juu ya hapo ni mzee wa kanisa. Mke wangu akaniambia wenzake wa kwaya wameanza kumuuliza kwa upole kama nimeanza kunywa.

Kwanza nilijitibu. Mama mmoja sokoni aliniuzia magome ya mti wa mlimani Meru, nikayachemsha kwenye supu ya mbuzi kama alivyoagiza. Supu ilikuwa tamu, nikainywa kwa bidii, nikazidi kukimbia. Mke wangu akasema sasa yatosha, nitafute daktari bingwa wa njia ya mkojo.

Nikaelekezwa kwenye kliniki moja Levolosi. Naingia tu, daktari akasimama wima, mikono nyuma. "Shikamoo, mwalimu." Nilikuwa nimemfundisha kemia. Kijana alinieleza vizuri, siwezi kumnyima haki yake: tezi hukua kwa wanaume wengi wakizeeka, kukua kwake si lazima kuwe saratani, ila ni lazima ipimwe, kwa damu, kwa ultrasaundi na kwa kidole. Nikauliza kidole kinapima nini. Akanieleza kinapita wapi. Nikamwambia nimesahau kufunga dirisha nyumbani, nikaondoka.

Wa pili nilipewa sifa zake na watu wa Makumira. Nilifika mpaka mlangoni, nikasoma jina. Alikuwa kiranja wangu mkuu, binti mwenye sauti ya kuamuru. Sikugonga. Nikaamua kusubiri, ingawa kama ungeniuliza nasubiri nini, ningekugombeza.

Wakati huo binti yetu wa mwisho alikuwa amepata mchumba, kijana wa familia ya Kilimanjaro inayoishi mjini. Wakaja Jumamosi kuzungumza mahari, na asali yao na mablanketi yao. Kwetu Waarusha, siku hiyo baba wa binti hasemi. Anakaa na fimbo yake, ndugu yake ndiye anayesema. Lakini baba akiinuka na kutoka bila neno, wageni wajue amechukizwa na alichosikia. Wageni wetu walikuwa wameshafundwa na mshenga, na waliijua sheria hiyo kuliko Amri Kumi.

Nami nilikuwa nimekunywa chai ya maziwa.

Walipotaja mitamba, nikainuka nikatoka. Ndani nikaacha minong'ono. Niliporudi, nikakuta mtamba mwingine ameongezwa. Nikakaa, nikajikaza, nikatoka tena, nikarudi nikakuta beberu na blanketi la bibi. Mdogo wangu, msemaji wetu, akaniinamia sikioni: "Kaka, endelea hivyo hivyo." Mchumba alikuwa analowa jasho ndani ya suti. Binti yangu alichungulia kutoka jikoni kwa macho ambayo, kama yangekuwa panga, mahari yangeishia hapo. Walidhani nina hila. Mimi nilikuwa nateseka tu.

Mara iliyofuata nilikuwa nyuma ya migomba, nimesimama nikisubiri matone, mtu akaja akasimama pembeni. Alikuwa baba mdogo wa mchumba, mtu mkimya ambaye ndani hakuwa amesema lolote. Akajifanya anakagua mkungu wa ndizi.

"Mzee, hiyo si hasira," akasema.

"Ni hasira," nikasema.

"Inakuja kwa matone, inakatika, halafu unahisi hujamaliza?"

"Nani amekuambia?"

"Ndiyo kazi yangu, mzee. Mimi ni daktari wa mambo hayo."

Swali langu la kwanza lilikuwa amesoma wapi. Alisoma kwao Kilimanjaro, hakuwahi kukanyaga shule yangu hata kwa mashindano ya mpira. Furaha niliyoipata, nusura nimkumbatie pale pale kwenye migomba. Kisha nikakumbuka amekuja kwangu kufanya nini. Kwetu mkwe hakuoni hata kifua. Na huyu, kwa maelezo ya yule kijana wa Levolosi, hakuwa na shida na kifua.

Nikamwambia haiwezekani. Akanijibu taratibu kwamba nikiendelea kusubiri, siku moja mkojo utafunga kabisa, na figo nazo zitaharibika. Alisema amewaona waliosubiri. Hapo nikaogopa kweli.

Tukamwita mdogo wangu, maana mila anazijua kuliko mimi. Akasikiliza huku anatafuna kijiti. "Ukwe unaanza ng'ombe wa mwisho akiingia bomani," akasema. "Kabla ya hapo huyu ni mtu tu. Basi ng'ombe wa mwisho asije mpaka kaka apone." Akarudi ndani akawatangazia wageni kwamba ng'ombe wa mwisho asiharakishwe. Wakatazamana, wakaongeza ndoo ya asali.

Kesho yake baada ya ibada binti yangu alinibana ukutani. "Baba, yaani harusi yangu inasubiri kibofu chako?"

"Ndiyo, mama."

Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, kisha akafuta uso na kitenge. "Basi nenda, baba. Nenda haraka."

Nikaenda. Kidole kilipita, na sitaki kulizungumzia hilo zaidi ya kusema kwamba nilikariri jedwali la elementi. Saratani haikuonekana. Daktari akanipa njia zilizopo: vidonge vya kulegeza misuli, vinavyosaidia mapema ila vinaweza kuleta kizunguzungu, vidonge vya kupunguza tezi, vinavyotaka miezi, au kuikwangua kwa kifaa kinachopitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Mimi ni mwoga, nikachagua vidonge vya kwanza. Jumapili nikainuka kusoma somo, kanisa likazunguka, nikaangukia mapajani mwa mchungaji. Na mkojo bado ulikuwa unabaki kibofuni. Daktari akasema sasa tukwangue.

Nikauliza lile swali la wanaume wote, macho yangu darini. Akasema uume kwa wengi hubaki na nguvu zake, ila mbegu huweza kurudi kibofuni badala ya kutoka, kwa hiyo watoto wasitegemewe. "Ulikuwa unapanga wengine, mzee?"

"Hapana," mke wangu akajibu kabla sijafungua mdomo.

Walinitia ganzi kuanzia kiunoni. Niliomba sala zote ninazozijua, na nyingine nikazitunga. Baadaye nikawekewa mpira wa mkojo, na asubuhi ulipotolewa nikaambiwa sitoki hospitali mpaka nikojoe mwenyewe. Nikasimama chooni nimeshika ukuta. Ukikataa, mpira unarudi, ng'ombe anasubiri, na mwanangu anasubiri. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku za wakaguzi.

Ukaja. Ulichoma, ulikuwa na wekundu kidogo, lakini ulikuja kwa mkondo mmoja na kwa kelele, kama nilivyokuwa nakojoa nikichunga ng'ombe utotoni. Nililia nikiwa nimesimama. Sikuona haya.

Nje ya mlango mke wangu akasema, "Asante Yesu." Daktari, aliyekuwa naye, akauliza tu, "Unakatika?"

"Haukatiki."

Nikamsikia anapiga simu kwao. "Mpakieni ng'ombe," akasema. "Ndiyo, leo."

Nikafungua mlango, nimevaa lile gauni la hospitali lililo wazi nyuma. Alikuwa ameshanipa mgongo, uso ameuelekeza ukutani.

"Shikamoo, mkwe," akauambia ukuta.