Kibuyu cha Mama Hawo Nilichokiosha kwa Sabuni

Ipo asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo haijanitoka moyoni hadi leo nywele zangu zimekuwa nyeupe. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimerudi likizo kwetu Idsowe, na mkononi nilikuwa nimeshika kipande cha sabuni.

Nakusimulia kwa sababu juzi nilikusikia. Ulikuwa pale stendi ya Garsen, mgeni amekuuliza huku kuna nini cha kuona, nawe ukamjibu hakuna kitu, apande basi aende zake Lamu akaone bahari. Sikukugombeza mbele ya watu. Maneno hayo niliyajua, maana niliwahi kuyasema mimi, tena kwa maringo kuliko wewe.

Wakati huo nilikuwa mpishi msaidizi katika hoteli moja ya ufukweni kule Malindi. Wageni wakiniuliza natoka wapi, nasema Pwani, basi. Wakizidi kudadisi, nasema kwetu ni mbu na matope. Rafiki yangu wa jikoni, Zuhura, mzaliwa wa Malindi mjini, ndiye aliyenishika.

"Wewe kila siku wanisifia kambale wa kwenu, kisha wasema kwenu hakuna kitu," akaniambia. "Likizo hii twende sote, nikakione hicho kisichokuwapo."

Tukaja. Sasa nikueleze habari ya nyumba yetu. Baba alikuwa mkulima, Mpokomo wa mpunga na ndizi. Kila kiangazi Waorma walishusha ng'ombe wao mtoni, na njia ya kundi moja ilipita ubavuni mwa shamba letu. Mwenye kundi hilo na baba walipatana tangu ujana wao kwamba njia haitafungwa na mpunga hautaliwa. Hawakuandikiana popote. Kilichoshikilia mapatano yale ni kibuyu tu. Mke wa mfugaji, Mama Hawo, alituletea maziwa katika kibuyu chake kila mwaka kabla ya kundi kushuka, nasi tukamrudishia kibuyu pamoja na kikapu cha mchele. Wapo majirani waliokosana na wafugaji hata kusalimiana wakaacha, lakini kibuyu chetu kiliendelea kwenda na kurudi.

Jioni tuliyofika, Zuhura alipewa maziwa hayo. Yana harufu ya moshi, maana wao hukifukiza kibuyu kwa kijiti cha moto, na huelea ndani yake vidoa vyeusi vya mkaa. Alikunywa, akafumba macho. Mimi nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Nikajua amechukizwa.

Asubuhi nikamimina maziwa yaliyobaki katika sufuria, nikachukua maji moto, mchanga na sabuni, nikakisugua kibuyu cha watu ndani na nje. Maji yalitoka meusi, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka yakatoka meupe. Niliona fahari, mwanangu. Nikarudisha maziwa ndani, nikamkaribisha mgeni wangu.

Zuhura alionja, akaweka kikombe chini. "Yale ya jana yako wapi?" akauliza. "Yale ya moshi. Mimi nimeamka na hamu ya hayo."

Baba alisikia. Alikichukua kibuyu, akakinusa, halafu akakaa chini pale pale mlangoni, naye hakuwa mtu wa kukaa asubuhi.

"Utakirudisha wewe," akasema, "na utamwambia mwenyewe ulichofanya. Akikasirika, sijui mwaka huu tutasemaje wakishuka."

Hapo ndipo nilipoogopa. Urafiki wa miaka yote ile niliuona umelowa sabuni.

Tulikwenda kwa miguu, mimi na Zuhura, tukaelekea upande wa Minjila, kina Mama Hawo walikopiga kambi. Nilikuwa sijawahi kuvuka mbuga ile, na mimi ndimi mwenyeji. Zuhura alisimama kila hatua. Aliwatazama korongo waliojaa kwenye dimbwi la mwisho la mafuriko, akaitazama mikoma iliyoinama, akakitazama kiota. Mimi nilitazama chini, natunga uongo wa kusema. Kisha akanivuta mkono. "Hebu geuka," akasema.

Nikageuka. Mbuga yote ilikuwa kavu, rangi ya udongo, na katikati yake ukapita ukanda wa kijani kibichi, umejipinda mpaka macho yalipoishia. Ulikuwa mto wetu. Nilizaliwa ndani ya ukanda ule na sikuwahi kuuona kutoka nje. Na kutoka upande mwingine wakaja ng'ombe, mamia kwa mamia, yangeyange weupe wakiruka juu ya migongo yao, vumbi limepanda, na ng'ombe wote wameelekeza vichwa kwenye ule mstari wa kijani. Ardhi ilitetemeka nikaisikia kwenye nyayo. Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya hofu.

Kwa hiyo nilipofika kwa Mama Hawo, uongo wote nilikuwa nimeuacha njiani. Nilimpa kibuyu kwa mikono miwili, nikasema, "Mama, nimekiosha kwa sabuni. Niliona haya mbele ya mgeni."

Alikifungua, akakinusa, akakipakata.

"Hii moshi ya chini kabisa, mama yangu ndiyo aliweka," akasema. "Mimi niliweka yangu juu yake. Sasa wewe umeosha mpaka yake."

Akanyanyuka, akaenda motoni, akaleta kijiti kinachowaka cha mti wanaouchagua wao, akanipa mimi.

"Weka," akasema. "Haiwezi kukaa bila moshi. Ya chini itakuwa yako sasa, basi weka vizuri."

Siku nzima nilikifukiza kibuyu kile. Natia kijinga cha moto, nafunika, natikisa, namwaga mkaa, naanza tena, macho yanauma, naye ananusa na kusema bado. Jua lilipoteremka akanusa, hakusema bado. Alikamua ng'ombe, akajaza, akanikabidhi. "Peleka kwa baba yako. Mwambie sisi tunashuka kama kila mwaka."

Mama Hawo amekwisha kutangulia. Kibuyu anacho binti yake, na kiangazi kilichopita kililetwa kwangu kimejaa. Nilikunywa polepole, nikijua kwamba chini ya moshi wa miaka yote, ule wa kwanza ni wangu.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiulizwa tena huku kuna nini, usijibu kwa aibu. Mpeleke mgeni mbugani umgeuze autazame mto, umpe wali wa mpunga wetu kwa kambale, umkaribishe maziwa kama yalivyo, na unyamaze aone mwenyewe. Na kitu cha watu usikisafishe kabla hujauliza kwa nini kiko hivyo, kwa maana unachokiita uchafu huenda ni mama wa mtu.

Mungu akupe macho ya kukuona kwenu kama mgeni anavyokuona, akupe na ulimi wa kukutaja kwenu bila haya. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akukutanishe na mtu atakayekupa kijiti na kukuambia, weka.