Namba Aliyoikwangua Mjomba Wembe

Watu walimwita Wembe, na wasiomjua walidhani ni mhuni. Mhuni wa wapi! Mjomba wangu alikuwa mtu wa kumwomba nzi radhi kabla ya kumfukuza. Jina lilitoka kazini. Alikuwa fundi wa kusafisha picha katika studio ndogo mkabala na posta, na kalamu yake ilikuwa kipande cha wembe alichokifunga kwa uzi kwenye kijiti. Alikwangua doa kwenye picha bila kutoboa karatasi. Kisha alichukua brashi ya nywele tatu na rangi ya maji, akabana pumzi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Mimi nilikaa kaunta. Niligombana na wateja, yeye akawaomba msamaha. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote.

Enzi hizo mtu aliingia studio na kandambili akatoka na suti. Sitanii. Wembe alimpaka koti, tai, hata saa mkononi. Na alikuwa na sheria aliyoirithi kwa bwana aliyemfundisha kazi: picha safi haina maandishi. Bango la duka nyuma ya bibi harusi, namba ya gari, jina kwenye fulana, vyote vilikwanguliwa ili macho yabaki kwenye uso wa mtu. "Sura ndiyo inayosema," aliniambia mara mia. "Maandishi ni kelele." Sheria hiyo ilikuja kumla mwenyewe.

Nyumbani kwa Bibi, mama yake Wembe na mama wa mama yangu, palitundikwa picha moja tu. Babu amesimama kando ya ndege ya zamani yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, yameshikanishwa kwa vijiti na waya. Amevaa suti nyeusi na tai. Babu yangu hakuwahi kumiliki suti hata ya kuazima. Alikuwa fundi raia aliyechukuliwa na jeshi la majini wakati wa vita. Picha hiyo ilikuja ndani ya barua, na barua ilisema, "Hii ndiyo ndege yangu, ninayoitunza mimi." Baada ya hapo, kimya. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakuonekana. Haikuja karatasi ya kusema amekufa. Yalikuja maneno. Jirani mmoja tuliyemwita Mama Redio aliapa kwamba shemeji yake amemwona Babu katika bandari ya mbali, na ana mke mwingine na genge la mboga.

"Lisemwalo lipo," watu wakasema, na Bibi akaishi na msemo huo miaka arobaini na sita. Wachumba walikuja akawarudisha. "Nitaolewaje?" alisema. "Sijui kama mimi ni mjane au nimeachwa. Anayejua aje aniambie, nitampikia chai." Watu walicheka, naye alicheka nao, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Suti ile aliipaka Wembe. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, kazi ndiyo kwanza imemkaa mkononi, akaona hawezi kumwacha baba yake ukutani na ovaroli la grisi. Akaishusha picha bila kumwuliza mtu, akaisafisha wiki nzima, akamletea mama yake kama zawadi. Bibi aliitazama muda mrefu. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Amependeza." Akairudisha ukutani mwenyewe.

Miaka ikapita. Bibi akaanza kuvimba miguu, akawa mtu wa kitandani. Siku moja alimwita Wembe, nami nikiwepo. "Mwanangu, mimi safari yangu imekaribia," alisema. "Sitaki kwenda bila kujua kama mume wangu alikufa au alinitupa. Nitafutie."

Tulikuwa na mteja mmoja, mzee mstaafu wa jeshi la majini, tukimwita Baharia. Tukamfuata kwake na picha na ile barua. Sebule yake ilijaa makabati ya vitabu vya meli, hata pa kuweka kikombe hapakuwepo. Aliisogeza picha dirishani, akashika kioo cha kukuzia, na uso ukamchangamka.

"Loo! Hii naijua," akasema. "Tazama hizi bawaba kwenye mabawa. Yanakunjwa kwenda nyuma, ili ndege iingie tumboni mwa meli. Na hii chini ya mkia ni ndoano ya kunasia kamba ikitua sitahani, juu ya meli. Viti vitatu, vyote wazi, mvua ni yako na jua ni lako. Mabaharia waliiita mfuko wa sokoni, maana ilibebeshwa kila kitu."

Jina la meli lilikuwemo kwenye barua. Baharia akatoa daftari. Meli ile ilikuwa na ndege nne za aina hiyo, na namba zake zote zimeandikwa. Tatu zilirudi nchi kavu salama na watu wake wakaruhusiwa kwenda makwao. Moja ilianguka baharini na wote waliokuwemo, fundi wake pia. Majina ya mafundi raia hakuna aliyejisumbua kuyaandika.

"Lakini kila fundi alikuwa na ndege yake, hapandi ya mwenzake," Baharia akasema. "Kwa hiyo ni rahisi. Tusome namba ya ubavuni, nitawaambia kama mama ni mjane."

Akainama. Akageuza picha huku na huku. "Mbona ubavuni hapana kitu? Ndege ya jeshi haikosi namba. Mjinga gani kaikwangua?"

Nilimtazama Mjomba. "Ni mimi," alisema.

Nilinakili zile namba nne nyuma ya risiti ya studio, tukaondoka. Kazini Wembe alilowesha pamba, akaanza kuosha picha taratibu. Suti ikatoka. Tai ikatoka. Likabaki ovaroli la grisi na mikono ya baba yake kama ilivyokuwa. Lakini rangi huoshwa, mkwaruzo hauoshwi. Ubavuni mwa ndege palibaki karatasi nyeupe.

"Na wewe na wembe wako!" nilimfokea. "Umemzibia mama yako njia ya habari kwa mkono wako mwenyewe!" Aliendelea kukausha picha. Mungu anisamehe, maneno hayo yananiuma hadi leo.

Kesho yake mchana aliniomba risiti. Akaketi dirishani, akachukua brashi ya nywele tatu, akaanza kuandika namba kwenye ule weupe. Nikasogea. Ilikuwa namba ya ndege iliyoanguka, inayoishia na nane.

"Mjomba, huo ni uongo."

"Huenda ikawa ndiyo yenyewe," alisema bila kuinua kichwa. Akafuta na kuanza upya mara tatu.

Tukampelekea Bibi. "Namba imeonekana, Mama," Wembe alisema. "Ni ya ile iliyoanguka. Baba hakukutupa. Alifia kazini."

Bibi aliipokea picha, akapitisha kidole ubavuni mwa ndege, polepole, namba moja moja. Akalia kilio ambacho sijakisikia tena kwa mtu mzima. Akaagiza majirani waitwe. Walikuja, wakajaa chumba, wakampa pole ya msiba wa miaka arobaini na sita. Mama Redio, hana jino hata moja, alikaa mbele kabisa. "Pole, mwenzangu," alisema. Bibi akamtazama machoni. "Nimeshapoa," akamjibu.

Siku ya tatu nilikuwa nikimkanda miguu. Tulikuwa wawili tu.

"Mjomba wako ana mkono mzuri," Bibi alisema. "Lakini ya mwisho haikuwa kibuyu."

"Nini, Bibi?"

"Hapo mwisho kaandika kama kibuyu. Zamani hapo palikuwa na kitu kama kiti kilichopinduliwa, miguu juu. Kusoma sijui, ila picha ile nilikaa nayo miaka ishirini kabla hajaipitishia wembe. Kila siku nikiigusa."

Kiti kilichopinduliwa. Nne. Risiti ilikuwa kwenye mkoba wangu, sikuhitaji hata kuitoa, namba zile nilishazikariri. Inayoishia na nne ilikuwa miongoni mwa zile tatu zilizorudi.

"Hicho kiti kilirudi?" aliniuliza.

Mimi, mwenye mdomo wa kushindana na soko zima, niliinama nikaendelea kukanda.

"Basi umenijibu," alisema.

"Kwa nini hukusema mapema, Bibi?"

"Nani aliniuliza? Mlimwuliza Baharia." Akavuta mguu wake, akajifunika. "Mwachie mwanangu baba yake. Mimi pole nimepewa, inanitosha. Na wewe, mdomo koma." Mwezi uliofuata tulimzika.

Wembe aliishi miaka kumi na miwili baada ya hapo. Kamera za bei rahisi na kompyuta ziliua kazi yetu, kila mtu akawa fundi wa sura yake mwenyewe. Studio ikafungwa. Mapafu yakamchoka, akalazwa, nami nikawa ndiye wa kumpelekea uji. Asubuhi moja alinishika mkono.

"Nilimdanganya mama yangu," alisema. "Kaenda kaburini na uongo wangu. Silali. Unadhani angejua, angenisamehe?"

Neno lilikuwa mdomoni mwangu: alijua, Mjomba, na alikusamehe siku ileile. Lakini neno hilo lisingekuja peke yake. Lingekuja na baba aliyeshuka melini mzima wa afya, akashika njia nyingine. Ningemtua mzigo mmoja na kumtwisha mwingine, naye hana tena mgongo wa kuubeba.

"Hukumdanganya," nilisema. "Ilikuwa ndiyo yenyewe. Bibi aliniambia kabla hajafa. Aliikumbuka, alisema hata zamani mwishoni palikuwa na kibuyu."

Alinitazama kwa muda, akitafuta doa usoni mwangu, kama alivyofanya maisha yake yote kwa nyuso za watu. Sikupepesa.

"Kumbe baba alikufa kweli," alisema. Akageukia ukutani, akaanza kumlilia baba yake, akiwa na miaka sitini, kwa mara ya kwanza. Nikaweka bakuli la uji chini, nikampa pole.