Hakuna wa Kunitwika

Katika godauni la Changamwe nilikofanya kibarua, hakuna kuli aliyebeba gunia bila mwenzake. Mnainama, mnashika pembe, mnaliinua pamoja, yeye analisukuma mpaka likae kichwani pako, nawe unaondoka. Ukirudi, unamtwika yeye. Asiye na wa kumtwika hana kazi, hata awe na shingo ya ng'ombe.

Mchele uliomwagika ulikuwa wetu tangu zamani. Gunia likipasuka kwa bahati mbaya tulifagia, tukagawana, na nyapara naye alipata fungu lake. Sikuona ubaya. Halafu magunia yakaanza kupasuka kila siku, na ajabu ni kwamba yalipasuka karibu na watu wenye kulabu. Nikasema mimi sichukui tena. Sikuhubiri, wala sikumsemea mtu kwa tajiri. Nilisema tu kwamba mimi ni Mkristo, na huu sasa ni wizi, fungu langu gawaneni.

Kumbe hilo ndilo lililowaudhi. Mwizi mwenzao wasingemwogopa. Anayerudi nyumbani mikono mitupu ndiye anayeweza kusema. Walianza kwa utani. "Pasta, jana ulikula nini, maombi?" Nilicheka nao. Kisha utani ukaisha, na hapo ndipo nilipoutamani. Nikishika pembe ya gunia, wa upande wa pili anakumbuka kiu, anakwenda kunywa maji.

"Mwite malaika akutwike," mmoja aliniambia, wala hakuwa anacheka.

Nilimwendea nyapara, mzee wa Kisauni, mtu wa swala tano na maneno ya taratibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wallahi, mimi sikufukuzi," akasema kabla sijafungua kinywa. "Lakini siwezi kumshurutisha mtu akutwike. Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho."

Nikabakiwa na mtu mmoja tu, rafiki yangu niliyetoka naye bara, tukaimba naye kwaya moja. Yeye fungu lake alichukua kila jioni, na Jumapili aliimba besi kama kawaida. Sikumhukumu, maana bado alikuwa ananitwika. Kanisani mchungaji alitufundisha kwamba anayesimama na Mungu hasimami peke yake, nami nikaitikia amina kwa sauti. Lakini gunia linataka mikono minne, na malaika hawaonekani sana upande wetu wa barabara ya Airport. Mke wangu aliniuliza, bila hasira, "Kwani Changamwe nzima Mkristo ni wewe tu?"

Asubuhi moja rafiki yangu hakuja upande wangu. Nikamfuata.

"Ndugu yangu, chukua hata kikombe kimoja cha mchele, wakuone tu," akanisihi. "Wameniambia nikikutwika tena, na mimi sitatwikwa. Nina watoto."

"Siwezi."

"Basi nisamehe."

Akaenda zake. Iliniuma kuliko kejeli zote.

Nikarudi kwenye rundo peke yangu. Nilivuta gunia kwa masikio yake, nikitaka kuliegemeza ukutani ili nijiingize chini yake. Kwenye mbao za chini palikuwa na msumari uliochomoza. Gunia likachanika mpaka katikati, mchele ukamwagika miguuni pangu.

Nikasikia shangwe. Walikuja mbio na mafagio na mifuko, wakanipiga mgongoni, wakaniita ndugu, wale wale waliokuwa hawaitikii salamu yangu.

"Limepasuka lenyewe," nikasema.

Wakaangua kicheko. "Ndiyo! Hata yetu hupasuka yenyewe!"

"Nawaapia, ni msumari!"

Vicheko vikazidi. Nyapara akatikisa kichwa huku akitabasamu, kama baba ambaye mwanawe amepata akili hatimaye. Rafiki yangu alikuwa anafuta machozi ya furaha. Aliamini kabisa kwamba nimefanya vile kwa kumwonea huruma, na nikaona sina neno la kumtoa katika imani hiyo. Akashika pembe ya gunia jingine, akanisubiri.

Nikainama, akanitwika.