Chakula cha Akida

Msemaji wetu sisi wapika chumvi ni mwanamke mwenye viganja vilivyobabuka kwa mvuke, na sauti ya chini inayowalazimu wakubwa kuinama ndipo waisikie. Kabla ya kusema hujifunga kanga upya kiunoni, polepole, kama aliye kwake. Mwaka ule Wamatumbi walipokunywa maji ya vita, Akida wa Wajerumani alipandisha tena ushuru wa kuni za mikoko. Meko ya nyumbani na vyungu vya chumvi vikapoa pamoja. Vijana walitaka mikuki, yeye akasema, “Leteni sinia.” Akida alipokuja, zamu ya kumlisha ilikuwa yetu. Msemaji wetu alijifunga kanga, akamnawisha mikono, akafunua kawa: mchele mkavu, kambale mbichi.

“Karibu, Bwana Akida. Chakula ni chetu, tumekileta. Kuni ulisema ni zako.”